Kompyuta na nota: mshika mbili si lazima moja imponyoke

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga. Mkulima wa Katavi anauheshimu msemo huo, lakini shambani haufuati. Analima mpunga na mahindi, anaongeza karanga au tumbaku, na wapo wanaotundika mizinga. Zao moja likishuka bei, jingine linalipa ada.

Ajabu ni kwamba mzazi huyohuyo, aliyeuza magunia kumsomesha kijana uhandisi wa programu za kompyuta, hukasirika akimkuta usiku anatunga muziki wa kwaya wa sauti nne. Huona fedha yake imepotea.

Kazi hizi mbili ni jamaa. Nota za do-re-mi zinazotumiwa na kwaya nyingi nchini huandikwa kwa herufi na nukta. Nukta moja ikikosewa kwenye besi wimbo unayumba, kama programu inavyokwama kwa alama moja iliyosahauliwa. Zote zinadai kupanga, kujaribu na kusahihisha.

Mifano ipo. Charles Ives wa Marekani aliendesha biashara ya bima mjini New York hadi alipostaafu mwaka 1930, huku akitunga muziki nje ya saa za kazi. Mwaka 1947 alipewa tuzo ya Pulitzer. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule.

Hata hivyo, hesabu zipigwe bila kudanganyana. Nyimbo za kwaya husambaa kwa fotokopi na simu, na mara nyingi mtunzi haambulii kitu. Programu ndiyo italipa pango. Muziki ni kama mti wa mbao, hauvunwi msimu wa kwanza. Kijana asiache mshahara kwa kutegemea nyimbo.

Lakini asizigawe ovyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta na tungo za muziki pia. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, hivyo inarithiwa kama shamba. Aandike jina na tarehe kwenye kila nakala, na asome vizuri mkataba wa ajira, maana programu iliyoandikwa kazini huweza kuwa mali ya mwajiri.

Kwaya nazo, zinapochangishana fedha za sare, zitenge na fungu la mtunzi.