Acheni Kuuza Watoto wa Mbwa Walio Tumboni

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayezunguka na watoto wa mbwa kwenye boksi siku za gulio, leo sina maneno matamu. Tuna tabia mbaya na lazima tuiseme.

Juzi nilisuluhisha ugomvi huku tambarare ya Same. Mzee mmoja alihesabu chuchu za mbwa wake mwenye mimba, akapata nane. Akachukua kianzio kwa watu wanane. Mbwa akazaa wanne, mmoja akafa siku ya pili. Watu watano wakaja kudai fedha ambayo ilishaliwa. Mzee akaniuliza, "Bwana mifugo, huyu mbwa amenidanganya?"

Mbwa hakudanganya. Aliyedanganya ni mwenye mbwa.

Chuchu hazihesabu watoto

Mbwa jike huwa na chuchu nane hadi kumi, awe na mimba ya mtoto mmoja au ya kumi. Tumbo kubwa nalo si ushahidi, kwa sababu minyoo hujaza tumbo pia. Idadi ya watoto hutegemea zaidi ukubwa wa mwili wa mama, umri wake, afya yake na siku aliyopandwa. Anayezaa mara ya kwanza huzaa wachache, na mzee vilevile. Mbwa wetu wa kienyeji ninaowaona huku wengi huzaa wanne hadi saba, lakini hilo ni kadirio tu. Usilichukulie fedha.

Njia za kweli ni tatu. Kwanza, mtaalamu anaweza kupapasa tumbo kati ya siku ya 28 na ya 35 baada ya kupandwa. Usijaribu mwenyewe, utaumiza mimba. Pili, altrasaundi huonyesha mapigo ya moyo kuanzia wiki ya nne hivi, ila katika kuhesabu hukosea. Tatu, eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikishakomaa, huhesabu vizuri kuliko zote. Kwa wengi wetu vijijini vipimo hivyo viko mbali. Basi fanya kisicho na gharama: andika tarehe aliyopandwa, hesabu siku 63. Aliyepandwa tarehe 1 Juni mtegemee karibu na tarehe 3 Agosti, siku chache mbele au nyuma.

"Mbwa ni mbwa tu"

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Unawahesabu watoto, lakini chakula cha mama huhesabu. Usiku anazuia fisi kwenye zizi la mbuzi, mchana anafukuza nyani shambani, halafu jioni anapewa maji yaliyooshea sufuria.

Utaniambia akishiba hatalinda. Si kweli. Mwenye njaa huondoka nyumbani kwenda jalalani, na zizi hubaki wazi. Utaniambia huna nyama. Sikuombi nyama ya buchani. Makande uliyobakiza, ugali uliochanganywa na dagaa, kichwa na miguu ya mbuzi iliyochemshwa, damu ya machinjioni iliyopikwa: hivyo vipo. Ila usimtupie maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Ndani yake mna minyoo ya tegu inayokua kwa mbwa, kisha mayai yake hurudi kwako na kwa watoto wako.

Wiki tano za kwanza mpe kiasi cha kawaida. Kuanzia wiki ya sita ongeza kidogo kidogo hadi robo au nusu zaidi, ukigawa mara tatu kwa siku, maana tumbo limebanwa. Akinyonyesha wengi atahitaji mara mbili hata tatu ya chakula cha kawaida. Maji safi yasikauke, hasa huku chini kwenye joto. Wa Chome, Suji na Mbaga, tatizo lenu ni baridi: mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto wiki mbili za kwanza. Tengeneza pembe kavu yenye magunia, mbali na upepo na ukungu.

Dawa ya mbuzi si dawa ya mbwa mjamzito

Najua chupa ya albendazo iliyobaki baada ya mbuzi huenda kwa mbwa. Acha. Inaweza kuharibu watoto tumboni. Oksitetrasaiklini huharibu meno na mifupa yao. Deksamethazoni inaweza kutoa mimba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie. Minyoo ya mbwa hupita kweli kutoka kwa mama kwenda kwa watoto, kwa hiyo kutibu ni muhimu, lakini uliza dawa inayofaa kabla ya kununua.

Siku ya kuzaa

Mwache atulie, watoto na majirani wasimzunguke. Mwite mtaalamu bila kusubiri ukiona haya:

1. Anasukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa na hakuna mtoto.
2. Zimepita saa mbili tangu mtoto wa mwisho, na unajua wengine wamo.
3. Uchafu wa kijani kibichi unatoka kabla ya mtoto wa kwanza.
4. Baada ya kuzaa anatetemeka, anakakamaa au anayumba.

Usivute mtoto kwa nguvu, wala usichome sindano ya kuongeza uchungu ya dukani. Wapo wanaomcheka bwana mifugo hadi usiku wa dharura. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Chanjo, na somo la Mkomazi

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mnaleta madume na kuwaacha nyumbani wenye mimba na wadogo. Chanjo hiyo ni ya virusi vilivyouawa, na mwenye mimba anaweza kuchanjwa. Watoto nao waleteni. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa ameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hapana dawa. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Msidhani magonjwa ya mbwa ni madogo. Hapo jirani Mkomazi, Desemba 2000, ugonjwa wa distempa uliingia kwenye kundi la mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa ili kuokoa kizazi chao. Ndani ya miezi miwili walikufa 49 kati ya 52. Distempa hiyohiyo huwapata mbwa wetu.

Na mbwa mwitu wana la kutufundisha. Jike akizaa, kundi huwinda, hurudi pangoni na kumtapikia nyama yeye na watoto. Mnyama wa porini anamlisha mama wa kundi lake, wewe mwenye ghala la mahindi unashindwa?

Kwako mfanyabiashara

Usitoe kianzio kwa mimba. Usinunue mtoto aliye chini ya wiki nane, hata kama macho yamefunguka na anatembea. Wa wiki nne hufa njiani au wiki moja baadaye, na mteja hatarudi kwako. Uliza tarehe ya kuzaliwa, dawa ya minyoo na cheti cha chanjo ya mama. Muuzaji akikosa majibu, ondoka.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na mbwa yumo. Lakini sitaki mfike kwenye sheria. Jioni ya leo, kabla hujafunga zizi, mwangalie mbwa wako jike. Ukiziona mbavu zake, usiniulize atazaa wangapi. Mlishe kwanza.