Neno 'Zinaa' Halimtibu Mgonjwa

Walimu wetu wamezoea kuziorodhesha kaswende, kisonono na maradhi mengine ya jinsi hiyo chini ya kichwa kimoja: magonjwa ya zinaa. Sina ugomvi na orodha. Ugomvi wangu ni na kichwa chake. Zinaa katika Kiswahili ni jina la dhambi, na anayeambiwa kwamba ana ugonjwa wake huwa amekwisha kuhukumiwa hata kabla hajapimwa.

Hukumu hiyo ina dhuluma kubwa zaidi katika tutuko, yaani yale malengelenge ya sehemu za siri yaletwayo na virusi vya hapesi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukimwi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi hivyo vya aina ya pili. Je, tuseme thuluthi nzima ya taifa ni wazinzi?

Jina hapesi lina asili ya Kigiriki, katika kitenzi chenye maana ya kutambaa, na kwa kweli linasadifu. Virusi hivi vikishaingia mwilini hufuata neva hadi karibu na uti wa mgongo, vikajificha humo maisha yote. Aghalabu aliyeambukizwa haoni dalili yoyote, na bado huweza kuambukiza. Kwa hiyo mke aliyetokwa na malengelenge leo huenda alivipata miaka mingi iliyopita, pengine kwa mumewe, ambaye naye hana habari. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kutojua jambo hili moja? Hata aina ya kwanza, ambayo wengi huipata utotoni na kutokwa na vidonda mdomoni, huweza kutoka mdomoni ikafika sehemu za siri.

Mwenye kuona haya haendi hospitalini. Hapati asikloviri, dawa isiyoviangamiza virusi lakini inayopunguza makali yake. Mja mzito hamwelezi mkunga, ilhali maambukizi mapya karibu na kujifungua yaweza kumuua mtoto. Wala hatajua kwamba tutuko humzidishia mtu hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi takriban mara tatu, na kwamba kondomu huipunguza hatari ya tutuko bila kuiondoa kabisa.

Napendekeza tuseme 'maambukizi ya kujamiiana', istilahi inayotaja njia ya ugonjwa bila kumshtaki mtu. Baraza la Mitihani likiitumia katika karatasi zake, walimu wataifuata upesi kuliko wakishauriwa nami.