Kumkagua Sungura Aliyeumia

Mara nyingi mfugaji huona dalili ya kwanza asubuhi, atiapo majani bandani. Sungura mmoja haji mbele kama wenzake. Amejikunyata pembeni, au aruka kwa miguu mitatu, au pana tone la damu juu ya waya. Mfugaji hufungua mlango kwa haraka, humkamata masikio na kumtoa nje akining'inia. Sungura hupiga mateke mawili matatu hewani, kisha hutulia. "Sasa amekubali," husema mwenyewe. Lakini huenda hakukubali. Huenda uti wa mgongo umevunjika.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa masikio yale marefu yaonekana kama mpini uliowekwa makusudi. Lakini sungura mkubwa wa aina ya New Zealand White, mwenye kilo 4 au 5, mifupa yake yote pamoja haifiki nusu kilo, hali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi mno. Apigapo teke akiwa hana cha kukanyagia, nguvu hiyo hurudi kiunoni mwake mwenyewe. Miguu ya nyuma ikisha kupooza kwa sababu hiyo, ni shida sana kupona. Hivyo kidonda ambacho kingalipona kwa kuoshwa tu kimempotezea mtu sungura jike mzazi, pengine na watoto wachanga waliokuwa wakimnyonya.

Yafaa kujua pia kwamba sungura wa bandani si yule wa hadithi amshindaye fisi kwa hila. Yule wa porini kwetu huishi mahali peupe na kutegemea mbio zake. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, katika nchi ya Hispania na jirani zake, na wazee wake walikaa katika mashimo. Mkono umshukiao kutoka juu, kwake ni kipanga. Na aogopapo hutafuta giza. Mfugaji mwenye akili humpa giza hilo.

Basi, kabla ya kumgusa, na amtazame kwanza kwa utulivu: anapumuaje, amekula, amepata choo? Mbwa wafungwe, watoto wanyamaze. Meza itandikwe gunia ili asiteleze, na maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yawe karibu, pamoja na kitambaa. Kazi hii ifanywe kivulini, wakati wa baridi ya asubuhi, maana joto humdhuru sungura upesi. Heri wawepo watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kutazama.

Mkono uingie kwa chini, kutoka ubavuni, umpapase paji la uso. Kisha mkono mmoja upite chini ya kifua, wa pili uyabebe makalio, naye avutwe mpaka kifuani pa mshikaji, kichwa kikiwa kimefichwa chini ya kiwiko. Akifurukuta asibanwe kwa nguvu, bali ashushwe mezani mara moja, angojewe. Aliye mkali hufungwa taulo mwili mzima, pua ikiachwa wazi kabisa, kwa kuwa sungura hupumua kwa pua. Halafu mguu mmoja mmoja hutolewa na kutazamwa. Wako wamlazao chali, wakafurahi kumwona ametulia kama aliyelala. Huo si usingizi, ni hofu.

Manyoya huficha mengi, kwa hiyo yapulizwe ili ngozi ionekane. Nyayo za nyuma zitazamwe kwa uangalifu, kwani sakafu ya waya huzichubua. Palipo na vidonda hivyo, sungura atiliwe ubao na nyasi kavu za kulalia. Jeraha dogo lioshwe kwa yale maji ya chumvi. Lakini uvimbe wenye usaha usitumbuliwe nyumbani: usaha wa sungura ni mzito kama siagi, hautoki wote. Mguu unaoning'inia nao, au funza katika kidonda, ni kazi ya mganga wa wanyama siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo sungura asiyekula tangu jana. Apelekwe katika sanduku dogo lenye nyasi na matundu ya hewa. Dawa iliyobaki ya ng'ombe asipewe kamwe. Penisilini ikipita kinywani mwake huharibu tumbo, na yaweza kumwua mnyama ambaye jeraha lisingalimwua.

Wakati wa kumrudisha atangulize makalio mlangoni, asije akaruka na kujigonga. Awekewe jani alipendalo, kisha aachwe peke yake. Baada ya saa moja mwenyewe arudi polepole kuona kama limeliwa.