Scheyer si Krzyzewski, na asilazimishwe kuwa yeye

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2025, mjini San Antonio, ekipe ya basketi ya chuo kikuu cha Duke iliongoza Houston kwa pointi 14 huku zikibaki dakika kama nane. Ilishindwa 70-67. Mechi ilikuwa nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, na tangu siku hiyo kuna neno linalorudi kila mara mashabiki wanapoizungumzia: mzee asingekubali kupoteza namna ile.

Mzee ni Mike Krzyzewski. Wamarekani wanamwita Coach K, maana jina lake linawashinda hata wao wenyewe kulitamka. Aliongoza Duke kwa miaka 42, kuanzia 1980 hadi 2022, akaleta mataji matano. Aliyechukua kiti chake ni Jon Scheyer, akiwa na umri wa miaka 34. Si mgeni aliyetoka barabarani. Alicheza chini ya mzee tangu 2006, akawa kapiteni wa ekipe iliyotwaa ubingwa wa 2010, kisha akarudi kuwa msaidizi wake. Ni mtoto wa nyumba. Kwa sababu hiyo watu wanamdai afanane na baba, na hapo ndipo hatukubaliani nao.

Tutazame kwanza mzee alicheza vipi. Krzyzewski alikuwa askari, alisomea shule ya kijeshi ya West Point, na kocha wake huko alikuwa Bob Knight, mtu mkali ambaye hakuvumilia uzembe. Ulinzi wa Duke ulikuwa na sura hiyo: kila mtu na mtu wake, bega kwa bega, hata mbali na kikapu. Lengo lilikuwa kuziba njia ya pasi kabla mpira haujatoka mkononi. Wachezaji walipiga sakafu kwa viganja ili mpinzani ajue kinachomngoja. Walipopata mpira, waliachiwa uhuru mkubwa: soma mwendo, kata, pasi, tupa. Katika miaka ya mwisho alilegeza kamba, msimu wa 2017-18 akaingia hata katika ulinzi wa eneo, jambo ambalo zamani lingemtoa machozi. Lakini roho ilibaki ile ya presha.

Scheyer anapenda kitu kingine. Anapenda urefu. Katika watano waliokuwa wakianza mechi msimu wa 2024-25, hakuna aliyekuwa chini ya mita 1.95. Cooper Flagg, mwenye mita 2.06, alipandisha mpira kama mtu mfupi. Nyuma yao alisimama Khaman Maluach, mita 2.18, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala. Kwa wingi huo wa mikono mirefu, Duke haikuhitaji kukimbiza kila pasi. Mpinzani akimwekea mlinzi kizuizi, walinzi wawili wanabadilishana watu, basi, na mshambuliaji anajikuta mbele ya mrefu mwingine. Akipenya, anamkuta Maluach chini ya kikapu. Ulinzi wa mzee ulikuwa wa kunyang'anya. Huu wa Scheyer ni wa kumwachia mpinzani mpira na kumnyima nafasi nzuri ya kuutupa.

Hata nyumba ameifungua. Kwa miaka mingi wasaidizi wa Krzyzewski walikuwa wachezaji wake wa zamani. Scheyer alienda kumchukua Jai Lucas, aliyekuwa Kentucky, akamkabidhi kazi kubwa ya ulinzi. Lucas aliondoka Machi 2025 kwenda kuongoza Miami, kabla mashindano makubwa hayajaanza. Sijaona wengi wakilikumbuka hilo wanapoijadili mechi ya Houston.

Hata hivyo, mtu akisema kijana ametupa urithi, arudi kuangalia ekipe ya 2010. Ile Duke haikufanana sana na Duke nyingine za mzee. Haikuwa na nyota wa kuruka juu ya watu. Ilikuwa na Brian Zoubek, pivo wa mita 2.16, aliyeishi chini ya kikapu akiokota mipira inayorudi kutoka ubaoni, na ulinzi wake haukutoka mbali sana kama desturi. Ilishinda fainali 61-59 dhidi ya Butler. Kapiteni wake alikuwa Scheyer. Kwa maoni yetu, hakuacha somo la mwalimu. Alichagua ukurasa mmoja wa daftari lake, ule ambao yeye mwenyewe aliucheza, akauandika upya kwa wachezaji warefu na wepesi zaidi.

Tofauti ya kweli iko katika dakika za mwisho. Duke ilipata kikapu kimoja tu cha mchezo wa wazi katika dakika kumi za mwisho dhidi ya Houston, na Houston ilimaliza kwa pointi 9 mfululizo bila jibu. Mashambulizi yote yalikuwa yamewekwa mikononi mwa Flagg, na alipobanwa, wengine walisimama wakimtazama. Mzee alifundisha kwamba vidole vitano vikikunjwa ni ngumi. Usiku ule tuliona kidole kimoja. Hapo Scheyer ana kazi, na tunaisema bila kumwonea.

Lakini kumhukumu kwa usiku mmoja ni kusahau historia ya huyo anayelinganishwa naye. Misimu mitatu ya kwanza ya Krzyzewski pale Duke ilikuwa ushindi 38 na kushindwa 47, na mwaka 1983 alifungwa na Virginia 109-66. Watu walitaka afukuzwe. Taji la kwanza lilikuja 1991. Misimu mitatu ya kwanza ya Scheyer ni ushindi 89 na kushindwa 22.

Kwa nini ukurasa wa Congo ujishughulishe na haya? Kwa sababu warefu wetu wanapita njia hiyohiyo. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alianzia West Virginia. Alipohamia Kentucky, chini ya John Calipari, aliokota wastani wa mipira 15.1 kwa mechi na akatajwa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2022. Mwili ni uleule, kocha ni mwingine.

Maluach naye. Mwaka 2015 Krzyzewski alitwaa taji akiwa na pivo Jahlil Okafor, na kazi ya Okafor ilikuwa kupewa mpira akiipa kikapu mgongo, kisha amalizane na mlinzi wake peke yake. Maluach hakupewa mpira hivyo. Alilinda, akakimbia, akapokea pasi za juu na kuzishindilia. Zaidi ya mipira 7 kati ya 10 aliyoitupa iliingia. Usiku wa Houston hakuokota hata mpira mmoja ubaoni, na saa chache kabla ya mechi Marekani ilikuwa imetangaza kufuta visa zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, kufuatia mzozo juu ya mtu aliyerudishwa Juba ambaye Juba ilisema ni Mkongomani. Sitasema jambo moja lilileta lingine. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa 10 katika NBA.

Papa na mama wa Goma, Bukavu au Lubumbashi wanapotembelewa na mtu mwenye barua ya chuo cha Marekani, mara nyingi wanauliza kama chuo kina jina. Waulize pia kocha aliyepo leo anamtumia pivo kwa kazi gani, na waombe waonyeshwe mechi tatu za msimu uliopita.