Kizuri Kula na Nduguyo: Hoja Juu ya Kushirikiana Riwaya

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kugombana. Ya kwanza husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili husema kwamba kizuri kula na nduguyo. Katika jambo la vitabu, na hasa riwaya zetu za Kiswahili, watu wengi wameishika methali ya kwanza na kuitupa ya pili. Husema kwamba riwaya ikiwa nzuri itajipatia wasomaji yenyewe, na isiposomwa, basi haikuwa nzuri. Sisi twaipinga kauli hiyo. Twasema ni kauli ya uvivu, na hasara ya uvivu huo hulipwa na taifa zima.

Chema hujiuza sokoni, mahali ambapo embe lililoiva huonekana kwa macho na kunuswa kwa pua. Kitabu hakina harufu ya kumwita mpita njia. Kikiwa kimefungwa, kizuri na kibaya hufanana. Utamu wake unajulikana na yule aliyekwisha kukisoma, na yeye asiponena, nani atanena?

Tutazame mfano mmoja. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake mna kilimo na uvuvi, dawa na adabu za ukwe, na juu ya yote mna pendo la mume na mke waliokawia kupata mtoto, wakakataa kutenganishwa na maneno ya ndugu. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwandishi mwenyewe. Mwaka 1981 alifariki dunia. Miaka 35 ilipita kati ya kalamu na kitabu. Je, katika miaka hiyo hadithi ile haikuwa chema? Chema kilikuwapo, wala hakikujiuza.

Yumkini mtu atasema kwamba hayo ni makosa ya zamani, na kwamba leo vitabu vipo. Naam, vipo. Lakini twendeni tukavitazame vilipo. Tuliwahi kufika katika shule moja, ambayo hatutaitaja kwa jina, tukaonyeshwa kabati zuri la mninga lililojaa riwaya. Kufuli lake lilikuwa limeshika kutu. Tulipouliza sababu, tuliambiwa kwamba wanafunzi wakipewa vitabu watavichakaza. Tukatoka tukiwa na huzuni, maana kitabu kisichochakaa ni sawa na jembe lisilolika. Mwenye nalo hajalima.

Hata vile vinavyotoka kabatini hutoka kwa ajili ya mtihani tu. Mwanafunzi hufundishwa kuisaka dhamira, kuwapanga wahusika na kuhesabu tamathali za usemi, kisha kuyaandika yote kama mtahini anavyoyataka. Hatusemi kwamba maarifa hayo hayafai. Mtunga mashairi hawezi kudharau elimu ya fani. Tunalolipinga ni kuyafanya kuwa mwisho wa safari. Siku hizi wapo wanaofaulu mtihani wa riwaya bila kuifungua riwaya yenyewe. Husoma mwongozo, au muhtasari unaozungushwa kwa simu. Mtu huyo ameshiba kwa kusimuliwa karamu. Ukimwuliza ni riwaya gani aipendayo, hukutajia ile iliyomo katika orodha ya mwaka wake, kisha hunyamaza.

Kunyamaza huko si desturi yetu. Msimulizi wa ngano hakuanza mpaka ameomba ruhusa na wasikilizaji wamemwitikia. Bila mwitikio hapakuwa na hadithi. Tenzi zilighanwa mbele ya watu, na neno likiwa gumu, mzee mmoja alilifafanua na mwingine alimkosoa. Barua ikifika kijijini, aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Tulipoitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, tulijifunza pamoja, mjukuu na bibi, chini ya mti mmoja. Kusoma na kukaa kimya kama mtu aliyeficha fedha ndiko kuliko kugeni kwetu. Ni ubinafsi uliovaa miwani.

Marehemu Shaaban Robert aliliona jambo hili mapema. Katika riwaya yake ya Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe hutumwa nchi za mbali, huko hujionea mambo ya manufaa, na wanaporudi kuyaeleza hutupwa kifungoni. Sisi twaona kwamba kila msomaji ni mjumbe wa namna hiyo. Amekwenda mahali ambapo wenziwe hawajafika. Akirudi, tumsikilize. Mwalimu anayemwambia kijana kwamba aache hadithi asome masomo anamfungia mjumbe kinywa, na mzazi aonaye riwaya kuwa mchezo wa watoto humsaidia kukaza kifungo.

Na sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa wafungao. Tulipokuwa vijana kazini, tulikuwa na Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Tuliipenda mno, tukaiweka mezani kama pambo. Tarishi wa ofisi yetu aliitazama kwa siku nyingi, hatimaye akaomba kuiazima. Moyo wetu ulisita. Twaungama kwamba tulidhani haitamfaa. Aliirudisha baada ya majuma matatu, jalada limelegea. Alisema alimsomea baba yake mdogo, mzee aliyepata kubeba mizigo bandarini katika ujana wake. Mzee alisikiliza usiku baada ya usiku. Kuhusu jasho alikubali kila neno. Kuhusu njaa alisema mwandishi amewahurumia wasomaji, akaongeza ya kwake ambayo hayamo kitabuni. Tulikuwa tumeisoma riwaya ile mara mbili, na siku ile tarishi alitufundisha kitabu chetu. Lau tungaliinyima, tungalibaki na jalada zuri na ujinga wetu.

Zipo hoja mbili ambazo wapinzani wetu huzitoa, na hatuna budi kuzijibu.

Husema kwanza kwamba kuazimana vitabu kunamnyang'anya mwandishi riziki yake. Hapana budi kutofautisha. Kukirudufu kitabu kizima na kukiuza kichochoroni ni wizi, nasi tungependa wezi hao waadhibiwe. Lakini kumwazima rafiki nakala uliyoinunua ni kumtayarishia mwandishi mnunuzi wa kesho. Aliyeonja huenda shambani kutafuta mti. Asiyeonja hana anachokitafuta.

Husema pili kwamba mazungumzo huru juu ya riwaya yatawapotosha vijana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa hofu hiyo hiyo. Baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Kaka na dada zetu walitusimulia kwamba waliisoma kwa kificho. Basi ni lipi bora: binti asome peke yake gizani habari za Rosa na ukali wa baba yake Zakaria, au asome mchana, kisha aulize mbele ya mwalimu na wazazi kama ukali bila mazungumzo ni malezi? Kinachopotosha ni upweke wa msomaji. Mazungumzo ndiyo taa.

Tena tusijidanganye kwa shangwe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi tulijipiga kifua. Mwaka 2022 riwaya yake moja ilitufikia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kila aliyejipiga kifua ajiulize kama ameifungua, na kama ameifungua, amemwambia nani. Kujivunia jina la mwandishi asiyesomwa ni kujivunia shamba la jirani.

Basi tufanye nini? Hatudai fedha wala majengo. Twataka kila shule itenge saa moja kwa juma, isiyo na alama wala mtihani, ambapo mwanafunzi mmoja atasimama na kitabu alichokisoma karibuni. Asiwasimulie wenziwe yote; awaambie palipomkamata, palipomkasirisha, na kwa nini. Akiwa amesoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwiko kufichua kile ambacho Bwana Msa amekigundua mwishoni! Kisha wenziwe wambishie. Mwalimu naye asimame zamu yake ikifika, kwa sababu mwalimu asiye na riwaya anayoipenda hawezi kumpendezesha mwingine. Kabati lifunguliwe, na paweko daftari la kuazimia, maana mali bila daftari huisha bila habari. Kitabu kikichakaa, kishonwe. Kikipotea mikononi mwa msomaji, hasara yake ni ndogo kuliko ya kile kilichooza kwenye kufuli.

Sisi tulio maofisini, na tulio katika mabaraza ya jioni, tusijitoe katika wajibu huu. Twaulizana habari za mpira na bei ya mchele. Tuulizane pia, wewe umesoma nini? Lugha yetu imepewa waandishi hodari, nao wamefanya kazi yao, wengine mpaka kaburini. Iliyobaki ni kazi yetu wasomaji, nayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja chumbani. Ndugu mwalimu, ndugu mwanafunzi, ukikifunga kitabu hiki, usikirudishe kabatini. Mpe aliye karibu nawe.