Nilificha kisu, akachukua wembe

JUMAMOSI moja jioni nilikuwa jikoni nachambua mchicha, nikagundua nyumba imekuwa kimya. Mzazi mwenzangu unajua, nyumba yenye mtoto wa miaka 12 ikinyamaza ghafla, kuna jambo. Nilipoingia chumbani nilimkuta mwanangu amejifunga kidole cha shahada kwa kanga yangu, na matone ya damu yako juu ya bawa la ndege.

Ndege yenyewe ni ya plastiki. Mjomba wake anayefanya kazi Muscat alimletea boksi la ndege ya kuunganisha mwenyewe. Kama hujawahi kuliona, ndani yake vipande vyote, kuanzia mabawa na magurudumu hadi kiti cha rubani, vimeshikamana na fremu za plastiki kama matunda kwenye matawi. Mtoto anakata kipande kimoja kimoja, analainisha alama ya mkato, kisha anagundisha.

Siku boksi lilipofika nilifanya kile nilichodhani ni ulinzi. Nilikusanya visu vyote vidogo, nikavifungia kabatini, nikamwambia avunje vipande kwa mkono. Akavunja viwili, na vyote vikapasuka. Akaogopa kuniambia. Akaenda bafuni, akachukua wembe wa baba yake, ule mwembamba wenye makali pande mbili na usio na mahali pa kushika.

Zahanati alishonwa nyuzi mbili. Muuguzi akaniuliza, "Mama, kwani nyumbani hakuna kisu?" Nilikosa jibu. Kisu kilikuwepo. Funguo za kabati zilikuwa kwenye mkoba wangu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba mtoto aliyenyimwa kifaa sahihi haachi kazi. Anatafuta kifaa kibaya na kukitumia kwa siri. Nikaamua nijifunze vifaa hivi mwenyewe, na leo nakushirikisha mzazi mwenzangu.

Anza na plaizi, kisu baadaye

Kifaa cha kwanza ni plaizi ndogo ya kukatia, kama ile ya mafundi simu na redio ya kukatia nyaya nyembamba. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Chagua yenye ncha nyembamba, inayofunguka yenyewe kwa springi, na inayoenea kwenye kiganja cha mtoto. Ifunge kisha iinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati ya meno, irudishe.

Ukiitazama vizuri utaona upande mmja wa meno ni bapa na mwingine una mteremko. Upande bapa ndio unaoelekezwa kwenye kipande tunachokitaka, kwa sababu ndio unaoacha mkato ulionyooka.

Mtoto akate mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali, akibakiza kama milimita 2 au 3 za kijiti kwenye kipande. Mkato wa pili uwe karibu. Sababu ni hii: plaizi hukata kwa kubana. Kipande kikiwa bado kimeshikwa na fremu, plastiki haina pa kusogea, hivyo mbano unaingia ndani ya kipande na kuacha doa jeupe, au kinapasuka. Kikishakuwa huru, kile kijiti kilichobaki ndicho kinachosogea, na kipande kinapona.

Akate huku amekifunika kijiti kwa kidole cha mkono mwingine, mbali na meno ya plaizi. Vijiti huruka, na jicho halina spea. Miwani ya kinga ikipatikana, ni bora zaidi.

Kisu cha kuvunja

Kisu ni cha kumalizia tu. Kinachofaa ni kile cha kukatia karatasi, chenye wembe wa vipingili unaoingia na kutoka kwenye mpini. Kina historia nzuri ya kumsimulia mtoto. Mwaka 1956 huko Osaka, Japani, Yoshio Okada aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji alichoshwa na nyembe zilizokuwa zikiisha makali upesi. Akakumbuka mafundi viatu waliovunja kioo ili kupata ukingo mpya wenye makali, akakumbuka na chokoleti inayovunjwa kipande kwa kipande. Kutokana na hayo akabuni wembe wa kuvunja. Jina la kampuni ya OLFA limetokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya kuvunja wembe.

Maana ya historia hiyo kwetu ni moja: wembe huo umetengenezwa ili uvunjwe. Wengi wetu tunautumia hadi unakuwa kama kijiko, tukidhani wembe butu ni salama kwa mtoto. Ni kinyume chake. Wembe butu unahitaji nguvu, na nguvu ikiteleza inaishia kwenye kidole. Wembe mkali unapita kwa mguso mdogo.

Kuvunja kipingili ni kazi ya mtu mzima. Kishike kwa plaizi ya kawaida, si ile ndogo ya mtoto, elekeza wembe chini mbali na uso, kisha vunja. Kipande kilichovunjika usikitupe kwenye mfuko wa taka, maana kijana anayebeba taka zetu naye ana mikono. Kiweke kwenye kopo lenye kifuniko, na kopo likijaa lifunge kwa gundi ya karatasi kabla ya kulitupa.

Sheria za meza yetu

Kazi inafanyika mezani, kamwe si mapajani, juu ya kipande cha ubao, mchana au kwenye taa kali. Wembe unatolewa kipingili kimoja tu. Kisu kinakata kuelekea mbali na mkono ulioshika kipande, na kinaondoa ganda jembamba kidogo kidogo. Kinachobaki kinamalizwa kwa msasa wa maji uliolowanishwa, namba 400 kwanza, halafu 600. Kuulowanisha kunazuia vumbi.

Kisu kikidondoka, kiache kidondoke. Usikidake. Anayeitwa mlangoni anarudisha wembe ndani kwanza, ndipo anainuka, hasa kama kuna mdogo wake anayetambaa.

Utunzaji

Plaizi ya plastiki isikate waya wala msumari, hata mara moja. Meno yakipata pengo, kila kipande kitabeba alama ya pengo hilo. Baada ya kazi, isafishe kwa mswaki wa zamani, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kisha ifute kabisa, kwa sababu rangi haishiki kwenye plastiki yenye mafuta. Sisi wa pwani tusisahau hewa ya chumvi: kifaa kilichoachwa dirishani kinapata kutu. Kiweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko.

Na akijikata? Osha jeraha kwa maji safi, libane kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10 hivi. Damu isipokata, au jeraha likiwa limefunguka, nenda hospitali, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Mwanangu alipopona aliniogopa kwa siku kadhaa. Hilo liliniuma kuliko zile nyuzi mbili, kwa sababu niliona kwamba angejikata tena, angeficha tena. Nikanunua plaizi, nikaketi naye, nikamwomba anifundishe jinsi ya kusoma mchoro wa kuunganisha. Bawa la kwanza nililolikata mimi lilipata doa jeupe. Akacheka, akanionyesha upande bapa.

Ndege sasa ipo juu ya kabati lile lile nililofungia visu. Wiki iliyopita alijichoma kidogo na ncha ya kisu. Safari hii alikuja mwenyewe jikoni, kidole juu, akasema, "Mama, nimejikata."

Tukutane wiki ijayo.