Mgeni Aje, Mwenyeji Apone

Hamu ya kusafiri haikomi kwa sababu ya maradhi. Pengine huzidi. Mtu aliyekaa ndani kwa majuma mengi, akisikia habari za wagonjwa asubuhi na za misiba jioni, hutamani kuona mlima, kuvuta hewa ya bahari na kuwaonyesha watoto wake kitu kingine kisichokuwa ukuta. Hamu hiyo si anasa wala si utovu wa nidhamu. Ni haja ya mwanadamu. Linalofaa kuulizwa ni hili: mtu huyo aende wapi, aende kwa njia gani, na safari yake iwe kwa faida au kwa hasara ya nani?

Tunalizungumza jambo hili leo, wakati wa utulivu, kwa makusudi. Tarehe 11 Machi, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa nchini. Ilipofika tarehe 5 Mei, 2023 Shirika hilo lilitamka kwamba hali ya dharura imekwisha. Kilichokwisha ni dharura; virusi vyenyewe vingali vipo, na hakuna mtaalamu anayetuahidi kwamba janga jingine halitakuja. Mwenye busara huezeka paa wakati wa kiangazi.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi maradhi ya namna hii yanavyoenea. Mgonjwa anapopumua, anaposema, anapoimba au kukohoa, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Katika chumba kilichofungwa chembe hizo hukusanyika kama moshi wa jiko lisilokuwa na dohani. Nje, upepo huzitawanya. Wataalamu waliochunguza wagonjwa wa mwanzo nchini China mwaka 2020 walikuta milipuko 318 ambayo kila mmoja ulihusu watu watatu au zaidi. Yote ilitokea mahali palipozibwa: nyumbani ndiko kulikoongoza, na vyombo vya usafiri vikafuata. Miongoni mwa wagonjwa 7,324 waliochunguzwa, tukio moja tu la kuambukizana nje ndilo lililopatikana, nalo lilihusu watu wawili. Huko Japani nako wananchi walifundishwa kuepuka mambo matatu: mahali palipofungwa, mkusanyiko wa watu wengi, na mazungumzo ya uso kwa uso kwa karibu.

Kwa hiyo basi, anayesema kwamba wakati wa janga ni heri kwenda msituni kuliko kwenda ukumbini anasema kweli, na sisi watu wa Tanga hatuna sababu ya kuhangaika kutafuta mahali. Tunayo Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, na ambako leo msitu umehifadhiwa. Tunayo Lushoto, yenye msitu wa Magamba na ukingo wa Irente, ambapo mtu husimama akaitazama nyika yote chini yake. Tunao mji mkongwe wa Pangani kwenye mlango wa mto. Tunayo magofu ya Tongoni, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mahali hapa pote mtu anaweza kutembea nusu siku pasipo kubanana na mtu.

Lakini hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Utulivu hauko ndani ya jina la mahali. Mapango ya Amboni ni fahari ya mkoa huu, na kila mmoja wetu huyahesabu kuwa matembezi ya nje. Hata hivyo pango ni chumba kilichochongwa na maji, na kundi la wageni likiingia pamoja, huku mwongozaji akieleza kwa sauti kubwa, limekwisha kuingia mahali palipofungwa. Hali kadhalika siku ya gulio. Mji mdogo wenye gulio lililofurika, asubuhi hiyo ni mji mkubwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Ulaya. Ischgl ni mji mdogo wa milimani nchini Austria, wenye wakazi wapatao 1,600. Watu huenda huko kuteleza juu ya theluji, kwenye hewa baridi na safi. Mapema mwezi Machi, 2020 wageni kutoka nchi nyingi walikuwako. Mchana walikuwa mlimani. Jioni walijazana katika baa, wakaimba na kunywa bega kwa bega. Tarehe 5 Machi serikali ya Iceland iliutaja mji huo kuwa mahali pa hatari, baada ya wasafiri wake kurudi wakiwa wagonjwa. Tarehe 13 bonde zima lilifungwa. Wageni wakatawanyika, na maradhi yakaenda nao katika nchi zao. Na wenyeji je? Mwezi Aprili wataalamu walipopima damu zao walikuta kwamba wakazi 42 katika kila 100 walikuwa na alama za kuwahi kuambukizwa. Mlima haukuwakinga, kwa sababu maradhi hayakupatikana mlimani.

Tunaandika habari za wenyeji kwa sababu wao ndio husahauliwa. Mashauri mengi ya safari huandikwa kwa upande wa mgeni: mgeni apate usalama, mgeni apumzike, mgeni akwepe umati. Ni nani anayeuliza habari za mama anayetandika vitanda vya gesti, kijana anayeongoza njia msituni, au mzee anayeuza maembe kando ya barabara? Mgeni anaukimbia umati wa mjini, lakini kwa mwenyeji mgeni huyo ndiye umati wenyewe uliomfikia mlangoni.

Mji wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, uliliona jambo hili mapema. Una wakazi wapatao 5,000, nao umepakana na hifadhi mbili mashuhuri za majabali mekundu. Mwezi Machi, 2020, miji mikubwa ilipoanza kufungwa, wageni walimiminika huko kutafuta uwazi. Hospitali ya Moab ilikuwa na vitanda 17, wala haikuwa na wodi ya wagonjwa mahututi. Idara ya afya ya eneo hilo haikungoja maiti zihesabiwe. Iliamuru hoteli na viwanja vya kambi visipokee wageni wa mapumziko. Kabla ya mwezi kwisha hifadhi zote mbili zilifungwa, zikafunguliwa tena mwishoni mwa Mei. Mji unaoishi kwa fedha za wageni ulikubali kukosa fedha hizo, kwa sababu uliijua idadi ya vitanda vyake.

Nasi tuvijue vyetu. Kijijini ni zahanati, penye tabibu mmoja au wawili. Juu yake ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Bombo. Mgonjwa anayekosa pumzi huko milimani ni lazima ateremshwe kwa barabara yenye makona mengi kabla hajafika penye vifaa vya kutosha. Mgeni aliyemletea maradhi huenda wakati huo yuko kwake Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, lenye hospitali kubwa za taifa. Katika safari moja hiyo, raha ilikuwa ya mmoja na hatari ikawa ya mwingine. Huo si uungwana.

Hapana shaka watakuwapo watakaotujibu kwamba njaa nayo huua. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020 walikuwa wapatao 621,000 tu. Nyuma ya tarakimu hizo wamo wapishi, madereva, wachonga vinyago na wavuvi waliokosa mnunuzi. Ndiyo maana hatusemi milango ifungwe siku zote. Tunasema mgeni wa ndani, anayekuja na familia yake peke yake, katikati ya juma, akakaa siku kadhaa mahali pamoja, akala barazani na kununua mboga za pale pale, huacha fedha bila kuacha msiba. Wageni kumi wa namna hiyo, waliopishana kwa siku, ni bora kwa Pangani kuliko basi zima la wageni wanaoshuka pamoja, wakala pamoja ukumbini na kuondoka jioni ile ile.

Njia nayo ni sehemu ya safari. Anayekaa saa sita ndani ya basi lililofunga madirisha yote ili akavute hewa ya Lushoto, ameukimbia umati kwa kupitia ndani ya umati. Mwaka 2020 mabasi ya mjini yalitakiwa kubeba abiria waliokaa tu. Agizo hilo lilikuwa jema, lakini dirisha lililo wazi na barakoa puani vina kazi yake pia. Asiyekuwa na haja ya kwenda mbali aanze na kilicho karibu. Na anayekwenda kijijini kuwaona wazee wakati wa Idd, Krismasi au Pasaka akumbuke kwamba maradhi haya yaliwaelemea wazee kuliko vijana. Akijisikia homa au kikohozi, upendo wake kwa bibi yake auonyeshe kwa kubaki alipo na kutuma salamu.

Hatupendi shauri hili liwe la wenye magari peke yao. Mwananchi asiyekuwa na gari ana mapafu kama ya mwenye gari. Kwake yeye, mahali pa wazi ni ufukwe, bustani na kiwanja cha mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Halmashauri zetu zikiisimamia sheria hiyo barabara, na viwanja vya wazi visipogawanywa kimya kimya, basi siku ya janga kila mtu atakuwa na mahali pa kupumua pasipo kupanda basi. Uwanja unaouzwa leo hautapatikana siku hiyo.

Busara hii haikuanza na hospitali za leo. Wengi wetu tuliosoma chuoni tunakumbuka habari za Khalifa Umar katika karne ya 7, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na wenzake, kisha akaamua kurudi. Abdurrahman bin Auf akamweleza mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume: nchi yenye tauni usiiingie, na ikikukuta ndani yake usitoke kwa kuikimbia. Nusu ya kwanza ya mafundisho hayo humlinda msafiri. Nusu ya pili humlinda mtu asiyemjua, aliye katika mji ambao bado ni mzima. Wengi huikumbuka ile ya kwanza wakaisahau ya pili.

Aidha, isidhaniwe kwamba dawa ya hewa ya wazi yatosha kwa kila maradhi. Homa ya Marburg, iliyozuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kipindupindu hupita katika maji na chakula. Janga lijalo litakuwa na njia yake, na wa kwanza kusikilizwa ni maofisa wa afya. Wakisema eneo limefungwa, limefungwa, hata kama ni msitu usiokuwa na mtu.

Mwaka 1973 wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba zao, wakafahamu kwamba afya ya nyumba moja hutegemea nyumba ya jirani. Somo hilo halijachakaa. Wenye gesti wafungue madirisha na kupanga viti vyao uani. Waongozaji wagawe wageni katika makundi madogo. Wenye mabasi waheshimu idadi ya viti. Wageni nao waulize, kabla ya kufunga mizigo, kama wanakokwenda wanahitajika na kama wao wenyewe ni wazima.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, upone wewe. Kila atakayetafuta mahali patulivu katika janga lijalo na akifuate kipimo hicho: aende mahali ambapo kuja kwake kutawafaa waliopo, na pale ambapo kutawadhuru, asubiri. Usambara haiondoki.